Kiti cha Pili

Katika mji ule, ukitaka kuoa ulimwona kiongozi wa dini, ukitaka kuzika ulimwona mchimba kaburi, lakini kwa yote mawili ilibidi kwanza umwone Mzee Viti. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika kabisa. Hata yeye mwenyewe, akiitwa kwa jina hilo kwenye foleni ya dirisha lolote, aliitwa mara mbili tatu kabla hajashtuka kwamba anayetafutwa ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na mahema. Alikuwa na viti vya plastiki vilivyonunuliwa vyeupe na sasa vina rangi ya meno ya mvuta sigara, mahema yenye viraka, na pikapu ambayo magonjwa yake yalijulikana na mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, aliyekuwa dereva, fundi na mpakuzi wa mizigo. Hawa wawili walikuwa wamesimamisha na kubomoa mahema pamoja kwa miaka mingi hata hawakuhitaji tena kusemezana. Mmoja akikohoa, mwingine alijua kamba ipi ikazwe.

Fahari yake, lakini, ilikuwa viti viwili vikubwa. Vilikuwa vya mbao ngumu, mgongo mrefu, mikono imechongwa, na vimevikwa mahameli nyekundu ambayo mzee aliipiga brashi mwenyewe kila asubuhi ya shughuli. Vilitengenezwa kwa ajili ya maharusi, kimoja cha bwana na kimoja cha bibi, ndiyo maana vilikuwa pacha. Kwenye shughuli isiyo ya harusi, kimoja kilitolewa kwa ajili ya mgeni rasmi na cha pili kilibaki kwenye pikapu chini ya turubai. Mzee hakukubali kukiacha nyumbani peke yake. Alisema kiti kikiachwa peke yake panya wanajua, na mtu asiyeamini na aendelee kutoamini.

Alikuwa na sheria moja ya kazi, na aliitangaza hata kwa watu ambao hawakumuuliza: "Aliyekaa amekaa." Maana yake ni kwamba mwenye viti anapanga kabla watu hawajafika; wakishafika na kukaa, hana ruhusa ya kumwinua mtu, awe nani. Kuna harusi moja tajiri wa kutoka mbali alichelewa, akakuta mahali alipopataka pamekaliwa na bibi kizee asiyesikia vizuri. Tajiri alinyoosha kidole. Mzee Viti akaja, akasimama kati ya kidole na bibi kizee, akasema, "Bwana mkubwa, kukualika ni kazi yao. Kuwahi ilikuwa kazi yako." Watu waliipenda hadithi hiyo, naye aliipenda zaidi yao. Kila alipoisimulia, tajiri alizidi kuwa tajiri na kidole kilizidi kurefuka.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na nyumbani kwa Mzee Viti hakukuwa na kiti. Mkewe alipougua ugonjwa uliokuja kumwondoa, ilikuwa majira ya harusi, viti vyote viko nje, na chumbani mlikuwa na kitanda, kabati na ndoo. Nesi wa zahanati, mama wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Nesi tu kana kwamba hakuna mwingine duniani, alikuwa akipita kila akitoka zamu. Hakuitwa na hakulipwa. Alikuja kumgeuza mgonjwa, kumsafisha vidonda vya mgongoni, kumnywesha uji kwa kijiko. Akishamaliza, aliigeuza ile ndoo juu chini, akaikalia, akamsimulia mgonjwa umbeya wa zahanati mpaka akamchekesha. Mke wa Mzee Viti alikufa akiwa msafi, na katika wiki yake ya mwisho alikuwa bado anacheka. Hayo si mambo ya kusahau.

Baada ya mazishi mzee alimshika Nesi mkono, machozi yanamtoka, akasema, "Mwanangu, nyumba ya mwenye viti nimekukalisha juu ya ndoo. Naona haya. Lakini siku yoyote, mahali popote nitakapokuwa na viti vyangu, nitakukalisha vizuri. Mungu ananisikia."

Nesi akacheka, akamwambia, "Baba, ndoo ile ilikuwa imara. Viti vyako vya plastiki ndivyo ninavyoviogopa."

Sasa Nesi huyu ndiye aliyegombea ubunge. Alichoka kuzalisha wanawake kwa tochi ya simu chini ya paa linalovuja. Alikwenda kwenye mkutano wa mbunge, akasimama, akauliza habari za paa. Mbunge yule aliitwa Mkongwe, na alistahili. Alikaa bungeni muda mrefu hata watoto waliozaliwa mwaka alioingia walishapata vipara. Mkongwe alimtazama Nesi, akawaambia watu kwamba mwanamke huyu anaota mchana. Watu wakacheka kwa adabu. Nesi hakucheka. Uchaguzi ulipofika alichukua likizo isiyo na malipo, akapita nyumba kwa nyumba, na nyumba nyingi alizoingia alikuwa amezalisha mtu ndani yake. Msimamizi wa uchaguzi alipomtangaza kuwa ameshinda, Mzee Viti alicheza barabarani mpaka kandambili yake ikakatika ukanda, akaendelea kucheza na mguu mmoja peku.

Mkongwe hakucheza. Alikwenda mahakamani kusema kura zilihesabiwa vibaya, na kabla Nesi hajasafiri kwenda kula kiapo, amri ikatoka: asubiri. Wenzake wote waliapishwa. Kiti cha jimbo lile kikabaki kitupu. Watu walidhani ni jambo la wiki mbili, lakini mara jaji anaumwa, mara wakili amesafiri, mara masanduku ya kura yapo lakini funguo zake hazipo. Kila tarehe iliyopangwa ilizaa tarehe nyingine. Likizo ya Nesi ikaisha, naye hana cha kufanya ila kuvaa sare yake na kurudi zamu. Wajawazito walioripoti zahanati walizalishwa na mbunge ambaye si mbunge, na paa likaendelea kuvuja juu yao wote.

Mkongwe, kwa upande wake, aliendelea kuzunguka jimboni na gari lake kubwa kana kwamba hakuna lililotokea. Alisema mpaka mwingine aapishwe, yeye ndiye Mheshimiwa. Hapo mji ukaingiwa na baridi. Waliokuwa wakimwita Nesi "Mheshimiwa" kwa sauti ya juu sokoni walianza kulitaja jina hilo kwa kunong'ona, kisha wakarudia "Nesi". Walikuwa kama kuku walioona kivuli cha mwewe: mwewe mwenyewe yuko mbali, lakini kila mmoja keshajibanza. Mzee Viti aliwasema sana watu hao. Aliwaita vigeugeu, tena mbele yao.

Ndipo yakaja mahafali ya shule ya sekondari.

Mwalimu mkuu alikuwa amemwalika Nesi awe mgeni rasmi. Alimwalika siku zile za kandambili kukatika, wakati kila mtu alikuwa shujaa, na baadaye akaona haya kuufuta mwaliko. Asubuhi hiyo Mzee Viti na shemeji yake walisimamisha mahema uwanjani, wakapanga viti vya plastiki kwa mistari, na mbele katikati, juu ya kipande cha zulia, mzee akaweka kiti kimoja kikubwa chekundu. Kabla ya kukiweka alikipiga brashi mara mbili. Moyo wake ulikuwa mweupe siku hiyo. Alijiambia: leo ndiyo leo, leo namtoa Nesi kwenye ndoo.

Nesi alifika kwa miguu, amevaa gauni la buluu, kibegi mkononi. Alipita getini, ilipoegeshwa pikapu, akasalimiana na shemeji, akaja mbele. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwongoza. Nesi akakaa, akapapasa mahameli, akasema, "Baba, umelipa deni."

"Bado," alisema mzee, na meno yote nje. "Hili ni fungu la kwanza."

Wanafunzi walikuwa katikati ya wimbo wao wa pili honi zilipolia getini. Gari la Mkongwe likaingia mpaka karibu na mahema, vumbi likawaingia wanakwaya midomoni. Hakuna aliyemwalika. Alishuka taratibu, akanyoosha koti, akaanza kuja na msaidizi wake akiwa hatua chache mbele. Mwalimu mkuu alitazama huku, akatazama huku, kisha akakumbuka kwamba kuna kipaza sauti ofisini, akaenda kukitafuta. Kipaza sauti alikuwa nacho mkononi.

Msaidizi alifika mbele, akakiona kiti chekundu na aliyekikalia, akamgeukia Mzee Viti. Na maneno yake yalikuwa haya, si zaidi: "Mzee, kiti kingine cha namna hii kipo?"

Naomba msomaji ayashike maneno hayo, kwa sababu baadaye mzee aliyasimulia tofauti sana. Mtu aliuliza kama kuna kiti. Kiti kilikuwepo. Kilikuwa kwenye pikapu, chini ya turubai, pacha wa hiki, na shemeji angekileta kabla Mkongwe hajamaliza kupeana mikono na walimu. Kilichotakiwa ni kukohoa tu.

Lakini mzee alikuwa amepanga viti maisha yake yote, na kichwa chake kilipanga haraka kuliko moyo wake. Aliviona viti viwili vyekundu vimekaa sambamba juu ya zulia, Mkongwe kwenye kimoja na Nesi kwenye kingine, kama bwana na bibi harusi. Aliwasikia wanafunzi wakiangua kicheko. Aliuona uso wa Mkongwe, aliyewekwa sawasawa na nesi wa zahanati mbele ya jimbo zima, na akaona macho hayo yakimtafuta aliyepanga. Fahali wawili hawakai zizi moja, naye ndiye angeonekana aliyewafunga pamoja. Akaona pia mikutano ya halmashauri, sherehe za serikali, mahema yote ambayo mtu mwenye ulimi kule juu angeweza kusema yasikodishwe kwake. Yote hayo aliyaona kwa muda wa kupepesa jicho, akasema, "Hakuna kingine, mkuu. Ni hiki kimoja."

Akainama sikioni mwa Nesi. "Mwanangu, nipishe kidogo."

Nesi alimtazama, akatazama getini, akainuka mara moja. Hakununa wala hakuuliza. Alichukua kibegi chake, akasogea pembeni, akasimama. Mzee, kwa mikono yake mwenyewe, akakigeuza kiti kidogo kielekee jukwaa, akapangusa mahameli pale Nesi alipokuwa amekaa, na hicho kitendo cha kupangusa ndicho ambacho watu hawakumsamehe. Mkongwe akakaa.

Mwanafunzi mmoja alimletea Nesi kiti cha plastiki. "Asante mwanangu," alisema Nesi, "acha tu, nitasimama kidogo." Akabaki amesimama, uso ameuelekeza getini. Alisimama wimbo wa pili ukaisha, wa tatu ukaimbwa, risala ikasomwa. Watu walisema ni kiburi, wengine walisema ni uchungu. Mzee Viti aliamini anasimama ili kumuumbua yeye, na kwa dakika chache hizo, Mungu amsamehe, alimkasirikia. Hotuba ya Mkongwe ilipoanza, Nesi alikaa polepole kwenye kimoja cha plastiki, mstari wa nyuma, na kabla vyeti havijagawiwa alikuwa ameondoka.

Shemeji alipakia mizigo siku ile. Walipokifikisha kiti chekundu kwenye pikapu, akafunua turubai, akakiweka kando ya pacha wake, akavitazama vyote viwili, kisha akamtazama mzee. Siri ya mtungi aijuaye kata. Njia nzima walisikia injini tu.

Mji hauna huruma ukipata cha kuchekea. Kabla ya wiki kwisha mzee alikuwa ameshapewa jina jipya, Mzee Inuka. Alipopita kwenye kijiwe cha mafundi baiskeli, vijana walisimama wote kwa pamoja, wakasema, "Tumekwishainuka, mzee, pita." Kwenye harusi moja alikwenda kunyoosha kamba ya hema, na yule yule bibi kizee asiyesikia vizuri, ambaye masikio yake hayakuwahi kukosa umbeya, alishika fimbo yake akajikongoja kusimama. "Nainuka, baba," alisema. "Nainuka kabla hujaniinua." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee alicheka nao, kwa sababu hakujua uso wake aupeleke wapi, kisha akaenda nyuma ya hema, akashika mlingoti, akalia.

Alijitetea, ndiyo. Aliwaambia watu kwamba aliagizwa. Baadaye akaongeza kwamba alitishwa. Kufika mwezi wa pili msaidizi wa Mkongwe alikuwa, katika masimulizi, amemshika ukosi wa shati. Lakini kila alipolisema hilo mbele ya shemeji, shemeji alitafuta kitu cha kufanya chini ya gari. Na kweli shughuli za halmashauri zilimjia, moja baada ya nyingine, na kila hema alilolisimamisha alihisi linamlalia yeye. Aliwahi kuwaita wenzake vigeugeu. Wao walinyamaza tu. Yeye ndiye aliyeinua mtu kwa mikono yake. Alipowasikia watu wakiwalaani majaji na mawakili kwa kumzuia Nesi asikae alipochaguliwa kukaa, aliondoka kwenye mazungumzo, maana aliona wanamsema yeye.

Zahanati ilikuwa njiani kwenda sokoni. Mzee akaacha njia hiyo. Alizunguka kwa nyuma, kupitia kiwanda cha mbao, akafika sokoni amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Lakini bintiye, aliyekuwa mjamzito na mume wake akifanya kazi mji mwingine, alikwenda kliniki kila mwezi, na kila aliporudi alileta salamu.

"Nesi anakusalimia, baba."

"Amesema nini zaidi?"

"Amesema unywe dawa zako za presha."

"Basi?"

"Na usizinywe na kahawa."

Mzee angependa kutukanwa. Kila salamu ilimchoma kuliko fimbo ya bibi kizee.

Siku moja binti alimkuta amekaa sakafuni stoo, mbele ya vile viti viwili vilivyofunikwa. Tangu mahafali hakuwa amevitoa hata mara moja. Waliovitaka aliwaambia vimeliwa na mchwa. Binti aliegemea mlango, tumbo mbele.

"Baba, nenda ukaseme naye."

"Niseme nini? Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini mtu anapiga deki. Unajua wanavyosema: mficha uchi hazai."

"Mimi sizai."

"Mimi nazaa, na ni yeye atakayenizalisha. Unataka nikalale mbele yake na aibu yako juu yangu?"

Mzee alipanga kwenda kesho yake. Kesho yake alipita kiwanda cha mbao.

Hukumu ilitoka wakati mji ulikuwa umeshaacha kuisubiri. Masanduku yalifunguliwa, kura zikahesabiwa upya, na Nesi alikuwa ameshinda vilevile kama alivyoshinda mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba muda mrefu ulikuwa umepotea, na hakuna mahakama inayorudisha muda. Asubuhi hiyo pikipiki zilipiga honi mitaa yote. Wale walionong'ona walipata sauti tena, na kwa kuwa walikuwa na mengi ya kufidia, walipiga kelele kuliko wengine wote. Kamati ya sherehe iliundwa pale pale barabarani. Mzee Viti alivaa shati safi, akakaa kibarazani akingoja waje kumwona, kama ilivyokuwa desturi ya mji. Kufika mchana aliona lori la mkodishaji mwingine, yule wa ng'ambo ya mto mwenye viti vipya, likipita mbele ya nyumba yake kuelekea uwanjani. Aliyekaa mbele na dereva alikuwa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati. Akampungia mzee mkono.

Mzee aliingia ndani kuvua shati. Ndipo binti akamwita kutoka chumbani kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu binti alipokuwa mtoto.

Walimpakia kwenye pikapu, shemeji akaendesha kama mwizi, mzee nyuma amemshika binti mabega. Njia ya kiwanda cha mbao isingefaa. Ilikuwa ni ile ya zahanati, moja kwa moja. Njiani mzee aliomba mambo mawili kwa pamoja, nayo yalipingana: Nesi awepo, na Nesi asiwepo. Hakika angekuwa uwanjani, wamembeba mabegani.

Alikuwa mlangoni, amevaa sare na mabuti ya mpira.

"Mleteni huku," alisema. "Dada, pumua, usisukume bado. Baba, wewe baki hapo nje."

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Korido ilikuwa na meza ya zamu, kiti kimoja cha mbao, ndoo za kukinga maji ya paa na tangazo la chanjo. Mzee alisimama. Kutoka uwanjani upepo ulileta kelele za vipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Watu wawili wa kamati walikuja wakihema, wakaambiwa na mhudumu kwamba Mheshimiwa anazalisha, wakauliza itachukua muda gani, mhudumu akawaambia wamuulize mtoto. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja wa korido hadi mwingine. Ndani binti alipiga kelele, akanyamaza, akapiga tena, kisha ikasikika sauti nyingine, nyembamba, yenye hasira.

Nesi alitoka akijifuta mikono. "Wa kike," alisema. "Wote wazima. Wanamsafisha, watakuletea." Akasogeza kile kiti cha mbao mbele ya mzee. "Kaa, baba. Umesimama tangu mchana." Yeye mwenyewe akatwaa ndoo moja iliyokuwa tupu, akaigeuza juu chini, akaikalia, akaanza kuvua mabuti.

Mzee alipomwona juu ya ndoo, ulimi ukamfunguka.

"Sikai," alisema. "Mwanangu, siku ile hakuna aliyeniagiza. Nimewaambia watu niliagizwa, niliwadanganya. Hakuna aliyenitisha."

"Najua. Nilikuwa nimekaa pale pale, nilimsikia alichouliza."

"Na kiti kingine kilikuwepo." "Nilisema hakipo. Kilikuwepo kwenye gari."

"Hilo pia najua, baba. Nilikiona naingia getini. Miguu ilikuwa inachungulia chini ya turubai." Buti la kwanza likatoka. Akalikung'uta. "Uliponiambia nikupishe, nilifikiri unataka nafasi ya kuvipanga viwili. Ndiyo maana niliinuka upesi. Nikasimama pale nakungoja ukilete."

Mzee alimtazama. Aliitafuta hasira katika uso ule, kitu cha kushikilia, hakuiona. Aliona mtu aliyechoka anayevuta buti la pili. Wimbo wa pili, wimbo wa tatu, risala nzima, macho getini. Alikuwa akimngoja yeye.

"Nesi," alisema.

Nje honi zilianza kulia, na watu waliimba jina lake kutoka barabarani. Nesi alivaa viatu vyake, akanawa mikono, akajitazama sare yenye madoa, akaamua iwe hivyo hivyo. Alipompita mzee alimgusa bega. "Presha yako, baba. Kaa basi," alisema, akatoka kwenda kwa watu wake.

Kiti kilibaki katikati ya korido, na ndoo mbele yake. Baada ya muda mhudumu alikuja na mjukuu amefungwa kwenye khanga, akamweka mikononi mwa babu. Mzee alimpokea kwa viganja, kama anayepokea sinia, na mhudumu hakumwachia.

"Mzee, utamwangusha. Kaa kwenye kiti hicho."

"Mshike nami tu hivyo hivyo, mwanangu," alisema Mzee Viti. "Mimi nitasimama kidogo."